Mlangilangi Usiotoa Maua



Juma lililopita tuliletewa barua na mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Uani kwake pana mlangilangi alioupanda marehemu mama yake, akitaraji kwamba mjukuu wake atakapoolewa, vikuba vitatungwa kwa maua ya nyumbani. Leo mti una miaka saba, umepita paa, na haujatoa hata ua moja. Harusi ni ya Mfunguo Sita, na mwenye nyumba amekwisha kuazima shoka. Mama anatuuliza: akubali ukatwe?

Tunamsihi angoje, na twamsihi kwa majuto. Sisi nasi tulikuwa na mlangilangi; tukachoka kufagia majani bila ya kunusa ua, tukaukata. Ulipolala chini ndipo tulipoona tumba katika matawi ya juu kabisa, yaliyofikia jua. Maua ya mlangilangi huanza yakiwa ya kijani, yakaning'inia mfano wa majani. Hugeuka manjano yakishapevuka, na hapo ndipo harufu yake hutimia. Basi kwanza apandishwe kijana kwa ngazi, achungue vizuri.

Akikosa kitu, na yaangaliwe mambo matatu. Umri si sababu, kwani mche wa mbegu huweza kuanza kuchanua baada ya miaka mitatu hivi.

La kwanza ni jua. Mti huu hupenda jua kamili, na nyua zetu zimezungukwa na maghorofa. Ukuta wa jirani ukipanda, mti nao hutumia nguvu zake kurefuka.

La pili ni samadi. Mama anasema huutilia samadi ya kuku kila mwezi. Samadi hiyo ina naitrojeni nyingi, nayo huzidisha majani na kuchelewesha maua. Aiache kwa sasa, wala asitie jivu badala yake. Ardhi yetu ya matumbawe ina chokaa ya kutosha.

La tatu ni panga. Kila ikikaribia Idi, matawi hufyekwa ili uani papendeze, na huenda yanayofyekwa ndiyo ambayo yangechanua. Wakulima wa visiwa vya Komoro, wanaouza mafuta ya langilangi ng'ambo, hukata kilele mti ungali mchanga, kisha wakayainamisha matawi ili maua yachumwe kwa mkono. Hawafyeki ovyo.

Hatumwahidi mama kwamba maua yatawahi harusi. Yasipowahi, vikuba vitanunuliwa sokoni, na mti utawangoja vitukuu. Ila amwambie mwenye nyumba kwamba shoka likirudishwa leo laweza kuazimwa tena kesho. Mti uliopandwa kwa mkono wa marehemu, ukishalala, haurudi.

Wassalaam.