Mwalimu aliyeuliza wamama

Juma hili tunamkumbuka Benoît Verhaegen, Mbelgiji aliyefundisha siasa Lovanium, kisha hapa kwetu katika chuo kikuu cha Kisangani. Aliandika vitabu vikubwa juu ya maasi ya mwaka 1964, yale tunayoita vita vya Mulele. Alifundisha kwamba historia si ya wafu tu: walio hai waulizwe, nao waeleze wenyewe yaliyowapata.

Mwaka 1990 kilitoka kitabu chake juu ya wanawake wa Kisangani na mapigano yao ya kila siku ili nyumba ziishi. Aliyezoea kuandika juu ya serikali na majeshi aligeukia shida zetu.

Na leo, nani anaandika yetu? Likelemba inaokoa nyumba nyingi. Lakini wakubwa wakituuliza tunalipa ushuru kiasi gani sokoni, tunakisia tu. Hapo wanatupangia mambo bila sisi.

Basi kila kikundi kinunue daftari moja. Tuandike tulichonunua, tulichouza, ushuru tuliotoa, karo ya watoto. Anayejua kuandika amsaidie mwenzake. Mkutano ujao tuje nalo mkononi.