Tumbawe ni Amana

Tumbawe laini si pambo; ni kiumbe hai, na amfugaye katika hodhi la kioo amebeba amana. Hapa Kimumu, penye baridi ya usiku, maji yataka kifaa cha kuyapasha yabaki nyuzi 25 hivi, chumvi gramu 35 kwa lita, na taa ya kutosha, kwani mwani uishio mwilini mwake ndio umlishao. Yakipungua kwa mvuke, ongezeni maji matamu, kwani chumvi haipai na mvuke. Lakini tahadharini: baadhi ya matumbawe haya yana sumu kali. Msiyasugue kwa mikono mitupu, wala msichemshe mawe yake jikoni. Mvuke wake huweza kuidhuru nyumba nzima. Asiyeweza kuitunza amana, asiipokee. Wabillahi tawfiq.