Mbolea hai: mlimaji wa soya Kivu ya Kusini ananunua nini kweli?

Mwaka 2022, kisha vita vya Ukraine kuanza, bei ya mbolea za kiwandani ilipanda dunia nzima. Kivu ya Kusini, ambako mfuko wa mbolea unavuka mipaka na barabara mbovu, mlimaji mdogo ndiye analipa gharama yote ya njia. Hapo njo jina la « mbolea bio » limeanza kuvuta wengi.

Lakini chini ya jina hilo kunauzwa vitu mbalimbali: mboji, maji ya majani yaliyooza, na unga wenye vidudu hai. Si kitu kimoja.

Unga huo una bakteria zinazoitwa rizobiamu. Asilimia 78 ya hewa ni azoti, lakini mmea hauwezi kuichukua peke yake. Bakteria zinaingia kwenye mizizi ya soya, zinageuza azoti hiyo kuwa chakula cha mmea, na mmea unazipa sukari. Mradi wa N2Africa, wenye ulianza mwaka 2009, uliujaribu na walimaji wa Kivu ya Kusini.

Pakiti ya gramu 100 inatosha kilo 10 hivi za mbegu. Ni nyepesi kubeba kuliko mfuko wa kilo 50. Shida ni moja: kitu hai kinakufa. Urea ina azoti asilimia 46, na jua la sokoni haliondoi hesabu hiyo. Rizobiamu, kinyume chake, inauawa na joto. Na unga uliokufa unafanana kabisa na ule ulio hai.

Biofix, moja ya unga unaojulikana, inatengenezwa Kenya. Safari yake mpaka Walungu ni ndefu. Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu na benki vilifungwa. Pakiti ikikaa siku nyingi mpakani, kisha dukani bila frigo, muuzaji amepata makuta yake, mlimaji amepoteza musimu.

Kwa hiyo watu kutafuta mbolea hai ni jambo jema, ila pasipo ukaguzi wanafungulia wadanganyifu mlango. INERA iko na kituo Mulungu. Pakiti zingepimwa kabla ya musimu kuanza. Koperativi nazo zingeagiza pamoja, mapema, na kuangalia tarehe ya mwisho.

Tena, unga huu si dawa ya kila shamba. Haulishi mahindi wala mihogo. Udongo wa Walungu sehemu nyingi una asidi na fosfori kidogo. Bila samadi, chokaa au fosfeti, bakteria zinafanya kazi kidogo.

Mwenye ameununua auchanganye na mbegu kivulini, kwa maji yenye sukari kidogo ili ushike, na apande siku ileile. Aache mistari michache bila unga. Soya ikianza kutoa maua, ang'oe mimea kwa uangalifu pande zote mbili, apasue vinundu vya mizizi. Ndani vikiwa vyekundu au vya waridi, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au kijani, au hakuna kabisa, ajue unga haukumsaidia. Na kama pande zote mbili zinafanana, musimu ujao ashike makuta yake.