Kuonja na Kunywa



Katika lugha yetu kuonja na kunywa ni maneno mawili, na wazee waliotuachia lugha hii hawakuyatenganisha bure. Mwenye kuonja hutia kidogo kinywani ili apate kujua. Mwenye kunywa hutuliza kiu yake. Yupo na wa tatu, asiye na kiu wala haja ya kujua. Huyo ndiye tunayemkuta kila mwisho wa juma kando ya barabara zetu, na kichupa cha plastiki cha pombe kali mkononi. Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya huyo wa kwanza, kwa mfano wa kisiwa kilicho mbali nasi, ambacho hata hivyo kiliwahi kushikamana na historia ya Kanisa la Kongo.

Kisiwa hicho ni Madeira, katika Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Moroko, nacho ni sehemu ya Ureno. Ni nchi ya milima inayoteremka mpaka baharini. Wakulima hupanda mizabibu juu ya matuta membamba yanayoshikiliwa na kuta za mawe, na maji huletwa kwa mifereji iliyochongwa ubavuni mwa milima. Funchal, mji mkuu wa kisiwa, una maduka ya divai ambamo mgeni huweza kuingia siku ya Jumamosi akaonjeshwa. Muuzaji hupanga mezani glasi ndogo, na katika kila moja humimina kiasi kidogo tu. Aghalabu huanza na divai kavu iitwayo Sercial, kisha Verdelho, kisha Boal, na mwisho Malvasia, iliyo tamu kuliko zote. Kwa maana ulimi uliotangulia kupata utamu hauitambui tena vema ile iliyo kavu. Mgeni huitazama rangi yake mbele ya mwanga, huinusa, hutia kidogo kinywani na kutulia. Akipenda huitema katika chombo kilichowekwa hapo, wala hakuna amchekaye. Kisha huuliza imetoka wapi na imefanywaje.

Majibu yake yanastahili kusikilizwa. Divai hiyo ikiwa ingali inachacha huongezwa pombe kali ya zabibu, ndipo kuchacha hukoma na sehemu ya sukari ya tunda hubaki ndani. Zamani mapipa yake yalisafirishwa kwa merikebu kupitia nchi za joto, na wafanyabiashara wakagundua kwamba ile iliyorudi kutoka safarini ilikuwa nzuri kuliko ilivyoondoka. Tangu hapo huipasha joto kwa makusudi. Ile iliyo bora hukaa miaka mingi ndani ya mapipa, darini, ikipata joto la jua polepole. Zipo chupa zilizopita miaka 100 na divai yake ingali inanyweka. Lakini nguvu yake si haba: kileo chake huwa kati ya asilimia 17 na 22, hali bia zetu za kawaida huwa karibu na asilimia 5. Ndiyo sababu humiminwa kwa kipimo.

Maoni yetu ni haya: anayejua kuonja hivyo amejifunza maswali matatu ambayo kila kijana angepaswa kuyauliza kabla ya kuinua glasi yoyote. Hiki ni nini? Kimetoka mikononi mwa nani? Kiasi gani kinatosha? Katika vibanda vyetu vya jioni hakuna anayeuliza hata moja. Kijana hununua kichupa kwa sababu bei yake ni ndogo na kazi yake ni ya haraka. Hajui kilichomo, hamjui aliyekitengeneza, na kipimo chake ni fedha zilizomo mfukoni. Twasema pombe imewaharibu vijana, na ni kweli. Lakini kabla ya pombe hiyo kulikuwa na mazoea ya kupokea kitu bila kukiuliza.

Mtu atatuambia kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa ng'ambo. Sivyo. Huku Kivu, mwenye nyumba akimkaribisha mgeni kwa kasiksi, huonja yeye kwanza mbele ya mgeni, ili kuonyesha kwamba hakuna sumu ndani. Kuonja huko kuna uzito wake, maana aonjaye kwanza hujitia mdhamini wa kile anachowapa wengine. Hebu tujiulize: anayewauzia wadogo zetu lutuku nyuma ya soko, je, angekubali kuionja yeye kwanza mbele ya mama zao?

Mwingine atatukumbusha methali isemayo kwamba mwonja asali haonji mara moja. Hilo twalikubali, na hatupendi kulifunika. Muuzaji wa Funchal hamimini kwa upendo mtupu, ataka kuuza. Tena yuko mtu ambaye pombe imekwisha kuwa ugonjwa wake, na kwake hakuna tone lililo dogo. Yuko na mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, naye hana la kuonja humo. Asiyeweza kukomea kwenye tone la kwanza ana hekima akilikataa, na kikundi chake kina wajibu wa kumheshimu kwa hilo bila mzaha.

Swali la pili kati ya yale matatu ndilo linalosahaulika upesi. Katika arusi ya Kana, msimamizi wa karamu alionja divai akaisifu, lakini hakujua ilikotoka; waliojua ni watumishi walioteka maji. Basi hata ulimi uliofundishwa vema huweza kusifu bila kujua. Madeira, kabla ya divai yake kupata sifa duniani, ilitajirika kwa miwa, na kati ya waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwamo watumwa walioletwa kutoka visiwa vya Canary na pwani za Afrika. Jimbo la Funchal liliundwa mwaka 1514. Mwaka 1518 Papa Leo X alimteua Henrique, mwana wa Mfalme Afonso I wa Kongo, kuwa askofu wa jina la Utica, akawekwa awe msaidizi wa askofu wa Funchal. Yaani katika miaka ileile ambayo mwana wa Kongo alipewa uaskofu uliofungamana na kisiwa hicho, wana wengine wa Afrika walikuwa wakitoa jasho huko bila malipo. Anayeuliza zabibu zimeota udongo gani, na aulize pia ni mikono ipi iliyouandaa udongo huo.

Nasi tuna kisiwa chetu, na tuna kitu cha kuonja kisicho na kileo. Katika Ziwa Kivu, wakulima wa Idjwi wanalima kahawa. Kwa miaka mingi, kwa kukosa soko la haki, walikuwa wakiivusha usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wengi wao walikufa maji. Katika vyama vya ushirika vya kahawa huku Kivu, waonjaji huketi mbele ya vikombe vilivyopangwa mezani, huvuta kijiko kwa kijiko, hutema, na kuandika alama. Na alama hizo huweza kusaidia kuamua bei atakayopata mkulima. Huo nao ni uonjaji wenye adabu, na una manufaa kwa familia zetu.

Twapendekeza basi kwa kila kikundi cha vijana: Jumamosi moja, nunueni kahawa kidogo ya huku kwetu, ikaangwe na kusagwa mbele yenu, muionje bila sukari, kila mmoja aseme anachokiona kabla ya kusikia mwenzake amesema nini. Mwalikeni mkulima mmoja awaeleze ilivyopandwa, ilivyochumwa, na alicholipwa. Mwisho wa juma unaofuata, katika arusi au katika matanga, mtakapopewa glasi, yakumbukeni yale maswali matatu. Likikosa jibu hata moja, irudisheni glasi mezani kwa heshima, na mwenye kuwacheka mwelezeni sababu.