Tumeshinda, Ila Tusidanganyane

Wanachuo wenzangu, matokeo mnayo: timu yetu imeshinda 2-1 na imeingia nusu fainali. Hongera kwa wachezaji wote. Sasa naomba niseme kwa sauti lile ambalo wengi tulilinong'ona tukirudi hosteli: ule haukuwa mpira. Mechi ile ikirudiwa mara 5, tunafungwa mara 4.

Tukumbushane tu. Wapinzani walikuja na wachezaji 13, yaani benchi lao lilikuwa na watu 2. Bao letu la kwanza, dakika ya 9, alitupa kipa wao: krosi nyepesi ikamponyoka mikononi, mshambuliaji wetu akausukuma mpira wavuni. Kuanzia hapo hadi mapumziko hatukupiga shuti hata moja lililolenga lango. Kipindi cha pili wakasawazisha, tena kwa haki kabisa, halafu wakagonga mwamba mara mbili. Kilichotuokoa ni penati ya dakika ya 88, na hata sisi tuliokaa upande ule tuliangaliana kwanza kabla ya kushangilia. Haya, penati tumepewa, tumefunga. Lakini zile dakika 79 katikati ya bao la kwanza na la pili tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunabutua, basi.

Simtukani mtu hapa. Wachezaji wetu hawalipwi hata senti, na kuna waliotoka kwenye test wakaenda moja kwa moja kuvaa jezi. Ninachosema ni kwamba matatizo yanaonekana kwa macho. Viungo wetu wawili wanasimama sehemu moja, mpaka wananyang'anyana mpira wao kwa wao. Kipa akidaka, anapiga mbele kwa mshambuliaji aliyebaki peke yake katikati ya mabeki watatu. Ikifika dakika ya 60 pumzi imekwisha, watu wameshika viuno. Na kwa kuchoka kote kule, benchi la ufundi lilifanya badiliko moja tu. Vijana wa mwaka wa kwanza wanaofika mazoezini kila siku walibaki wamekaa na bibu zao.

Najua jibu, maana nimeshapewa mara tatu kantini: "Ushindi ni ushindi. Miaka ijayo nani atakumbuka tulichezaje?" Jibu hili lina uzito, tusilidharau. Ugiriki walichukua Euro ya 2004 kwa mpira ambao wengi waliuona unachosha. Waliwatoa Ufaransa 1-0, wakawatoa Jamhuri ya Cheki 1-0, wakawafunga Ureno 1-0 kwenye fainali pale pale Lisbon. Leo hakuna anayewadai kombe kwa sababu hawakupiga chenga.

Ila waangalie vizuri wale Wagiriki. Mabao yote matatu ya mechi hizo yalikuwa ya kichwa: krosi moja na kona mbili. Kocha wao, Otto Rehhagel, aliijua timu yake. Walikaba kwa nidhamu, wakasubiri, wakatafuta kichwa. Mpira wao ulikuwa mbaya kwa macho lakini ulikuwa na mpango, na kitu chenye mpango unaweza kukirudia wiki ijayo. Sisi wiki ijayo tutarudia nini? Tutamwomba kipa mwingine atuangushie mpira?

Mfano unaotuhusu zaidi uko Marekani, kwenye mashindano ya vyuo vikuu. Mpira wao si soka letu, ni ule wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mkononi, lakini ushabiki ni ule ule. Chuo cha Florida State kiliingia msimu wa 2014 kikiwa bingwa mtetezi, na kikashinda mechi zake zote 13 hadi mwanzoni mwa Desemba. Ukisoma hapo tu, unasema timu ya moto. Sasa soma walivyoshinda. Kwa Louisville walikuwa nyuma 21-0 ndipo wakapindua, 42-31. Kwa Miami walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 23-10, wakaponea 30-26. Boston College waliwafunga 20-17 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Georgia Tech, 37-35.

Kamati iliyochagua timu 4 za kugombea ubingwa ikawaweka nafasi ya 3, chini ya Alabama na Oregon, ambazo zote zilikuwa zimeshapoteza mechi moja. Mashabiki wakawaka: timu isiyofungwa inawekwaje chini ya iliyofungwa? Tarehe 1 Januari 2015 wakakutana na Oregon kwenye Rose Bowl. Wakapigwa 59-20. Walipoteza mpira mara 5, na mfululizo wa ushindi wa mechi 29 ukaishia hapo. Udhaifu wao haukuzaliwa siku ile. Ulikuwepo msimu mzima, ila kila wiki ulikuwa unafunikwa na matokeo.

Ndiyo maana wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye mpira, kitu kinachoficha maradhi vizuri kuliko vyote ni pointi tatu. Timu ikifungwa kila mtu anauliza: kocha anaulizwa, nahodha anaulizwa, mpaka waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi anaulizwa mazoezi yalikuwa mangapi. Ikishinda, anayeuliza anaitwa msaliti. Halafu kuna ule msemo wa "timu inayoshinda haibadilishwi." Nani ameupitisha kuwa sheria? Kwa msemo huo, yule winga wa mwaka wa kwanza atakaa benchi mpaka tufungwe, na tukifungwa mashindano yamekwisha. Na wapo wa mwaka wa mwisho ambao baada ya nusu fainali hii hawavai tena jezi ya chuo. Wana haki ya kupelekwa pale wakiwa wamejiandaa.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili darasani. Ukipata C ya kubahatisha kwa sababu swali ulilolisoma usiku wa jana ndilo lililokuja, unashukuru Mungu hukupata sapu. Lakini huendi muhula unaofuata ukiamini somo umelielewa. Ukiamini hivyo, utalirudia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya. Mazoezi yawe ya kila siku hadi nusu fainali, na pumzi ipewe siku zake. Kocha awape wale viungo wawili kazi tofauti, kila mmoja aijue yake. Na wale wa benchi wapewe mechi ya kirafiki wiki hii, tuone nani anaweza kuingia dakika ya 60 akaongeza kitu.

Nusu fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nitakuwepo, nitapiga vuvuzela kama kawaida. Kuanzia leo zimebaki siku 11, na wapinzani wetu watarajiwa walikuwepo uwanjani siku ile. Walituangalia dakika zote 90.