Mtunza Nyaraka kama Mtani: Maoni kuhusu Kumbukumbu za Rufiji na Kibiti

Wanaoandika historia ya pwani aghalabu huzitaja nyaraka kwa sauti ya matanga: zimepotea, zimeliwa, zimefukiwa. Watunza nyaraka wenyewe, ambao ndio wafiwa hasa, huzitaja kwa mzaha. Yafaa mzaha huo uchukuliwe kuwa ni utani kwa maana yake kamili ya kimila, yaani maneno ambayo mtani ana haki ya kuyasema penye msiba bila ya kukasirikiwa, na ambayo mara nyingi hubeba kweli iliyonyamaziwa na wengine. Kumbukumbu za delta ya Rufiji zinathibitisha jambo hili.

Suala la kwanza ni la majina. Mtafiti mwenye kutaka habari za kale za Kibiti huomba majalada ya Kibiti, naye hujibiwa kwamba wilaya hiyo ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo wa 2010. Akiomba ya Rufiji huelekezwa Utete. Akirudi nyuma hadi enzi za Wajerumani huelekezwa Mohoro, ambako Kinjikitile alinyongwa Agosti 4, 1905. Hata hapo hajafika, kwani wanahistoria humwandika Kinjikitile, ilhali tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 inaitwa Kinjeketile. Irabu mbili zatosha kumkosesha mtu jalada zima. Na anayetaka majalada ya wilaya mpya yenyewe hana budi kuzingatia sheria ya mwaka 2002, ambayo kwa kawaida huzifungua nyaraka za umma baada ya miaka 30. Mtani atamshauri aanze shahada yake sasa ili aimalize akiwa mstaafu.

Suala la pili ni la mahali. Manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa mita 115 hivi, ilijificha katika vijito vya delta mwaka 1914. Ilizingirwa na Waingereza, na baada ya kushambuliwa ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 11, 1915. Mahali palipoweza kuisitiri meli ya kiasi hicho hapawezi kushindwa kulisitiri jalada. Lakini kichekesho kikubwa zaidi ni kwamba meli iliyozama ina karatasi nyingi kuliko watu waliobaki juu ya maji. Wakata boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, na Wandengereko waliolima mpunga bondeni, huonekana katika nyaraka za kikoloni kwa nadra, tena kama hesabu ya vibarua au ya walipa kodi. Hapo kicheko kinageuka kuwa hoja.

Suala la tatu ni la mazishi yenyewe. Mwaka 1916, majeshi yao yalipokuwa yakirudi nyuma, watawala wa Kijerumani waliyafukia baadhi ya majalada yao ardhini, mithili ya mkulima anayefukia muhogo akitumaini kuukuta ungali mbichi. Sehemu yake ilifukuliwa baada ya vita. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtunza nyaraka huongeza kwamba daftari nalo, likifikiwa na mchwa, hupotea vivyo hivyo. Mchwa ni msomaji asiyehitaji kibali, wala harejeshi alichoazima.

Yamkini itadaiwa kwamba mzaha wa namna hii huufunika uzembe. Dai hilo lina uzito, na jibu lake limo katika mila ile ile. Mtani hasemi tu. Hushika pia jembe na kusaidia kuchimba kaburi. Mzaha wa mtu aliyeacha dari ivuje juu ya majalada si utani. Mzaha wa mtu aliyeyaorodhesha, akayafukiza dawa na kuyafunga upya unastahili kusikilizwa, maana anajua pengo liko wapi na lilitokeaje.

Kwa hiyo tasnifu zihusuzo Rufiji na Kibiti zingefaidika iwapo zingeeleza safari ya kila jalada: liliitwaje, lilihamishwa mara ngapi, kurasa zipi hazipo, na mtunza nyaraka alisema nini alipolileta mezani. Kwa sasa mchango wake huishia katika mstari mmoja wa shukrani. Wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walipokusanya masimulizi ya Maji Maji mwishoni mwa miaka ya 1960, walithibitisha kwamba kauli ya mdomo yaweza kuwa chanzo. Kauli ya masjalani haina sababu ya kubaguliwa. Mafuriko yaliyozikumba Rufiji na Kibiti Aprili 2024 yanakumbusha kwamba ofisi nyingi za vijiji zimo katika bonde hilo hilo, pamoja na madaftari yao. Utani usioandikwa leo, kesho utakosa hata marehemu wa kutaniwa.