Maji Kabla ya Nguvu: Uchaguzi wa Mashine za Kuchongea Mawe Magumu

Katika mji wa kale wa Mikindani, karibu na Mtwara, kuta za nyumba za zamani zingali zikishuhudia maarifa ya mafundi wa pwani. Mafundi hao walijua kwamba tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi hukatika kwa tezo na patasi bila taabu kubwa, na kwamba likiisha kukaa hewani huwa gumu na kudumu kwa karne nyingi. Mihrabu za misikiti mingi ya kale ya pwani zilichongwa kwa maarifa hayo. Fundi hakushindana na jiwe kwa nguvu. Alilisoma kwanza tabia yake, ndipo akachagua chombo.

Tumbawe hai, hata hivyo, si mali ya mchongaji tena. Elimu ya bahari imeonyesha kwamba ndilo makao na malezi ya samaki, na tangu mwaka 2000 Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo ili kulilinda. Mchongaji wa Mtwara anayetaka kutoka kwenye mpingo na kuingia katika jiwe hana budi kuelekeza macho bara. Huko Tunduru, katika changarawe za mito inayomwaga maji yake Ruvuma, kumekuwa kukichimbwa vito tangu katikati ya miaka ya 1990: yakuti za rangi mbalimbali, ganeti na vinginevyo. Longido, mkoani Arusha, kuna zoisaiti ya kijani yenye madoa mekundu ya rubi, ambayo huchongwa sanamu na kupendwa duniani. Haneti, mkoani Dodoma, kuna krisopraso, jiwe la kijani ambalo mgeni huweza kulidhani kuwa jeidi ya Wachina. Na kwatzi hupatikana karibu kila penye miamba ya kale.

Malighafi, basi, ipo. Mikono pia ipo, maana Wamakonde hawahitaji kufundishwa na mtu kuona umbo lililojificha ndani ya gogo. Kinachokosekana ni chombo, na hapo ndipo kosa kubwa linapoweza kufanyika. Mtu akitaka kununua mashine ya kuchongea jiwe, swali la kwanza linaloulizwa dukani huwa ni hili: ina nguvu kiasi gani? Swali hilo lafaa kuja mwisho. Maswali ya kwanza ni matatu: ni kitu gani kitakachokata jiwe, maji yatafikaje pale panapokatwa, na vumbi litakwenda wapi.

Sababu yake inatokana na sayansi ya mawe yenyewe. Mwaka 1812 Friedrich Mohs aliyapanga madini katika ngazi ya ugumu ya daraja 10, kila moja likiweza kukwaruza lile lililo chini yake. Tumbawe lina ugumu usiofika 4. Patasi ya chuma cha pua kilichotiwa makali huwa kwenye 6 na kidogo. Kwatzi ni 7, rubi na yakuti nyingine ni 9, na almasi ni 10. Patasi inayotii mkono katika mpingo haifanyi kitu juu ya kwatzi ila kujiua makali.

Zaidi ya ugumu kuna uimara, yaani uwezo wa jiwe kukataa kuvunjika. Jeidi ndiyo mfano bora. Ugumu wake ni wa kati ya 6 na 7 tu, lakini nyuzi au chembe zake zimesukana kama mkeka, hata nyundo hulishindwa. Wachina, walioichonga kwa maelfu ya miaka, hawakuikata kwa chuma. Walitumia mchanga wa kwatzi, ganeti iliyopondwa na unga wa mawe magumu zaidi, wakiuchanganya na maji na kuusukuma kwa kisahani kilichozungushwa kwa miguu. Chombo kilikuwa kibebaji tu. Mkataji alikuwa ule unga. Wahenga walisema bandubandu humaliza gogo, lakini jiwe gumu halitoi bandu: husagwa chembe kwa chembe.

Mashine ya umeme haikubadili kanuni hiyo, iliongeza kasi yake tu. Mahali pa mchanga wa kwatzi pameshikwa na kabidi ya silikoni, iliyoanza kutengenezwa viwandani Marekani katika miaka ya 1890, na baadaye almasi ya maabara, iliyopatikana katikati ya miaka ya 1950 na kuishusha bei ya vifaa vya almasi. Kwa hiyo anayechagua mashine achague kwanza ncha na visahani vyake. Ncha ambazo almasi imebandikwa juu tu kwa njia ya umeme ni rahisi kwa bei, hukata vizuri mwanzoni, kisha huwa kipara ghafla. Zile ambazo almasi imechanganywa ndani ya chuma chenyewe ni ghali, lakini kila zinapolika hufichua almasi mpya. Kwa zoisaiti ya Longido, ambayo ndani ya jiwe moja ina ugumu wa 6 na wa 9, kabidi ya silikoni itakula sehemu ya kijani na kuiacha rubi imetuna kama chunjua. Hapo almasi haina mbadala.

Jambo la pili ni mwendo. Kinachokata si mizunguko ya mota bali mwendo wa ukingo wa kisahani. Grainda ya mkono yenye kisahani cha milimita 115 na mizunguko 11,000 kwa dakika hupeleka ukingo wake mita 66 hivi kwa sekunde. Ncha ndogo ya milimita 3, hata ikizungushwa mara 20,000 kwa dakika, haizidi mita 3 na kidogo kwa sekunde. Ndiyo maana kazi ndogo ya macho na vidole vya sanamu huhitaji mashine nyepesi ya mwendo mwingi, ilhali kukata na kusaga umbo la kwanza hakuhitaji mwendo wa namna hiyo. Mota ya kawaida ya karakana, inayozunguka mara 2,850 hivi kwa dakika kwa umeme wa hezi 50, ikifungwa kisahani cha milimita 150 hutoa mwendo wa mita 22 kwa sekunde, nao watosha. Mota hiyo haina kaboni za kubadilishwa kila mara, na fundi yeyote anayetengeneza mashine za kusaga nafaka anaweza kuihudumia.

Lakini jambo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo linaloifanya grainda kavu isistahili kuingia kibandani mwa mchongaji. Historia ya pwani hii ina funzo lake. Kwa karne nyingi shanga za akiki kutoka Khambhat, huko Gujarat, zilivuka bahari na kuuzwa katika miji ya Waswahili, Kilwa ikiwamo. Ufundi wa Khambhat haukufa. Katika karne ya 20 mawe ya kusagia yalifungwa mota za umeme, kazi ikaenda kwa haraka, na vumbi nalo likaenda kwa haraka. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa India wameeleza kwa vipimo na picha za kifua jinsi silikosisi ilivyowashika wasagaji wa akiki, na jinsi vumbi hilo lilivyowafikia hata wasiofanya kazi hiyo, kwa kuwa karakana na nyumba vilikuwa kitu kimoja.

Silikosisi husababishwa na vumbi la silika, ambayo ndiyo kwatzi, akiki na krisopraso. Chembe zinazodhuru ni zile ndogo zisizoonekana kwa macho. Hupita puani na kooni, hufika mwisho wa mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa, na mwenye nao huwa katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na kifua kikuu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakimwagiki. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Hata nchi tajiri zimejifunza kwa uchungu: Australia ilipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 mawe ya kutengenezwa kiwandani yenye silika nyingi, baada ya vijana waliokuwa wakiyakata kuugua.

Maji yanayodondoka pale ncha inapogusa jiwe hulikamata vumbi kabla halijaruka, huipoza almasi, na huzuia jiwe kupasuka kwa joto. Hayaondoi hatari yote, kwa kuwa ukungu wa maji nao hubeba chembe. Kwa hiyo kibanda kiwe wazi kwa upepo, na barakoa maalumu ya kuchuja vumbi ivaliwe. Lakini maji na umeme wa volti 230 ni maadui. Grainda ya mkono haikutengenezwa kumwagiwa maji, na anayefanya hivyo anacheza na maisha yake. Mashine inayofaa ni ile ambayo mota yake imekaa mbali na maji: mota ya mezani inayozungusha kisahani kwa mkanda na puli, au mota inayoning'inizwa juu na kupeleka mzunguko kwa shafti inayonyumbulika, au kalamu ya umeme mdogo yenye kipunguza volti chake. Katika zote, swichi ya kukata umeme unapovuja ni ya lazima.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya watu wa mabombani, na kwamba katika Uwanda wa Makonde, ambako akina mama wamezoea kuyafuata maji mabondeni, maji si ya kuchezea. Hoja hiyo ni ya haki, lakini ina jibu. Uchongaji hauhitaji mto, huhitaji tone. Ndoo iliyotundikwa na mpira mwembamba wenye koki hutosha, na maji yakiisha kutuama na kuacha tope chini hutumika tena. Tope hilo lizolewe likiwa bichi na kufukiwa, kwa maana likikauka na kufagiwa hurudi kuwa vumbi lile lile.

Wengine watasema kwamba maskini hachagui, na kwamba grainda ndiyo anayoimudu. Hapa ndipo wajibu wa umma unapoingia. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 ili mtu mwenye ufundi asikwamishwe na ukosefu wa zana. Vyuo vya ufundi stadi vipo, na Kituo cha Jemolojia kilichopo Arusha kinafundisha ukataji wa vito na uchongaji wa mawe. Karakana moja ya pamoja mjini Mtwara, yenye mota 4 za mezani, matangi ya maji na visahani vya almasi, ingewafaa wachongaji wengi kuliko grainda moja moja zilizotawanyika vibarazani, mbele ya watoto. Na kila mkopo au msaada wa zana za mawe ungepaswa kuwa na sharti moja: pasipo maji, pasitolewe mashine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini mkaguzi hawezi kufika kila kibanda. Sharti la mkopo hufika.

Umeme utokanao na gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, umeuwezesha mkoa huu kuzungusha mota ambazo kizazi kilichopita hakikuzipata. Itakuwa hasara ikiwa matunda yake ya kwanza katika jiwe yatakuwa sanamu nzuri sebuleni kwa mgeni na kikohozi kisichokoma nyumbani kwa fundi. Mafundi wa Mikindani walilikata jiwe likiwa bado bichi kwa maji ya bahari. Warithi wao wana jiwe gumu zaidi na chombo chenye kasi zaidi, lakini kanuni ni ile ile: jiwe likatwe likiwa limelowa.